Mwongozo kamili: Kushusha muda wa gari la mtaani kwenye mbio za mita 402

Kila msimu ni hadithi ile ile. Mtu anafunga ekzosi pana, anaweka filta ya wazi, analipia programu mpya ya injini, kisha anaingia kwenye njia ya mbio za mstari mnyoofu, yaani dragi, na kupewa karatasi yenye muda ule ule wa zamani. Wengine wanatoka na muda mbaya zaidi, na kesho yake wanaulizia turbo.

Kinachowaangusha ni mpangilio. Gari la kawaida hupoteza muda mwingi ndani ya mita 18 za kwanza. Ukiongeza nguvu kabla ya kurekebisha mita hizo, unayapa matairi mzigo ambao tayari yalishindwa kuubeba. Ndiyo maana humu injini inaguswa mwisho, hata kama ndiyo sehemu inayomvutia kila mtu.

Mwongozo unahusu gari la petroli ambalo bado unalitumia kila siku, likikimbia kwenye njia iliyofungwa yenye wasimamizi, zimamoto na gari la wagonjwa. Barabara ya umma haifai kwa jambo lolote lililoandikwa hapa, hata usiku wa manane ikiwa tupu.

## Vitu vya kuandaa

Vya lazima tangu siku ya kwanza:

- Geji ya upepo ya kwako, inayoonyesha tofauti ya psi 1. Geji za vituo vya mafuta hutofautiana mno.
- Pampu ndogo ya upepo inayotumia umeme wa gari.
- Jeki, stendi mbili za jeki na spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza.
- Kifaa cha kusoma kompyuta ya injini kupitia soketi ya OBD, ile ya uchunguzi ambayo mafundi huichomekea kompyuta.
- Helmeti yenye cheti cha Snell, shirika linalopima helmeti, ambacho hakijapitwa na wakati.
- Plagi mpya, oili mpya, mafuta mapya ya breki.
- Daftari na kalamu. Simu inafaa pia, ila daftari halizimiki betri.

Vya baadaye, ukifika hatua zake: matairi ya dragi yanayoruhusiwa barabarani, difu ya kugawa nguvu pande zote mbili, na geji ya mchanganyiko wa hewa na mafuta. Usivinunue leo. Hatua ya 2 inaweza kukuonyesha kwamba huvihitaji.

## Hatua ya 1: Gari liwe zima kwanza

Gari bovu likikimbizwa halipati muda mzuri, linapata ubovu mkubwa zaidi. Tena ukiongeza vifaa juu ya ubovu hutajua kipi kimesaidia na kipi kimeharibu.

Pima mgandamizo wa kila silinda. Tofauti kati ya silinda ya juu na ya chini isizidi asilimia 10 hivi. Ikizidi, tafuta chanzo kwa fundi kabla ya kuendelea. Badili plagi na oili.

Ijaribu klachi: ukiwa gia ya juu kwa mwendo wa wastani, kanyaga mafuta hadi chini. Mizunguko ya injini ikipanda ghafla bila gari kuongeza mwendo, klachi inateleza na haitastahimili kuondoka hata mara tatu.

Breki zichukue nafasi ya pekee. Gari la kawaida kabisa linaweza kuvuka mstari wa mwisho kwa zaidi ya kilomita 140 kwa saa, na hapo ndipo kazi ya breki inaanza. Angalia unene wa pedi, diski, na bomba za mpira. Mafuta ya breki ya zamani hunyonya unyevu, huchemka mapema, na pedali inazama hadi sakafuni wakati unaihitaji kuliko siku zote. Yabadilishe.

Kisha lala chini ya gari utafute mvujo. Tone la oili au maji kwenye njia ya mbio ni hatari kwa dereva atakayekufuata, na wasimamizi watakuondoa. Kaza nati za rimu kwa spana ya toki kwa kiwango cha mtengenezaji, hakikisha betri imefungwa na bano la chuma, toa kapeti la dereva linaloweza kuteleza chini ya pedali.

Umefaulu kama: gari limeendeshwa kwa nguvu dakika kumi, hakuna taa ya onyo, hakuna tone chini baada ya kuegesha, na pedali ya breki bado ni ngumu.

## Hatua ya 2: Pata namba za mwanzo, na ujue zinasema nini

Kimbia mara tatu na gari kama lilivyo. Usibadili kitu kati ya mbio na mbio. Namba hizi ndizo utakazolinganisha nazo kila shilingi utakayotumia baadaye.

Karatasi ya muda ina mistari kadhaa. Wa kwanza ni muda wa mwitikio, yaani kuchelewa kwako tangu taa ya kijani iwake. Huo hauingii kwenye muda wa gari. Saa ya gari inaanza pale tairi la mbele linapoondoka kwenye mwali wa taa unaokatiza mstari wa kuanzia, hata kama ulisinzia sekunde nzima. Kwa hiyo ukiwa unapima gari, isahau taa. Ondoka ukiwa tayari.

Inayofuata ni mida ya vituo: mita 18, mita 100 hivi, mita 201, mita 305, na 402. Kwenye 201 na 402 utapewa pia mwendo.

Ukae na namba mbili: muda wa mita 18 na mwendo wa mwisho. Ya kwanza inaeleza matairi, klachi na mguu wako. Ya pili inaeleza nguvu ya injini kulinganisha na uzito, na haibadiliki sana hata ukiondoka vibaya. Watu wengi wanatazama muda wa jumla peke yake, ambao ni mchanganyiko wa vyote, kisha wanakisia.

Kuna hesabu ya zamani inayokadiria gari linapaswa kufanya nini. Chukua uzito wa gari kwa kilo, dereva akiwemo, ugawanye kwa nguvu farasi za injini. Tafuta kipeuo cha tatu cha jibu. Kikokotoo cha simu kinacho. Zidisha kwa 7.58, unapata muda wa mita 402 kwa sekunde. Kwa mwendo wa mwisho, gawanya 289 kwa kipeuo hicho hicho, unapata kilomita kwa saa.

Mfano: gari na dereva kilo 1,400, nguvu farasi 160. Jibu la kugawa ni 8.75, kipeuo chake cha tatu ni 2.06. Muda unakuja kama sekunde 15.6, mwendo kama kilomita 140 kwa saa.

Sasa linganisha na karatasi yako:

- Mwendo ni 140 lakini muda ni 16.4: injini ni nzima. Unapoteza mwanzoni. Nenda hatua ya 3 na ya 4, na usinunue kifaa chochote cha nguvu.
- Mwendo ni 130: injini haitoi kilichoandikwa kwenye kitabu. Rudi hatua ya 1, au soma sehemu ya joto kwenye hatua ya 7.
- Muda na mwendo vyote vinakaribia hesabu: gari na dereva wako sawa. Hapo kupunguza uzito na kuongeza nguvu kunaanza kuwa na maana.

Makadirio haya hukosea kidogo kwa magari yanayovutwa na magurudumu yote manne, ambayo huondoka vizuri kuliko hesabu, na kwa otomatiki za zamani, ambazo hula nguvu nyingi njiani. Hata hivyo yanatosha kukuzuia kumtibu mgonjwa asiyeumwa.

Kuhusu mita 18: kwa matairi ya kawaida, sekunde 2.4 ni mwanzo wa mtu anayejifunza, 2.1 ni mwanzo mzuri. Kwa matairi ya dragi kwenye gari linalosukuma nyuma, 1.8 inafikika bila maajabu. Kila sehemu ya kumi ya sekunde unayookoa hapo inakuwa takriban sehemu moja na nusu hadi mbili mwishoni, kwa sababu gari linabeba mwendo ule wa ziada njia nzima.

Umefaulu kama: una karatasi tatu, na unaweza kumweleza mtu kwa sentensi moja gari linapoteza muda wapi.

## Hatua ya 3: Matairi

### Kama unatumia matairi ya kawaida

Shusha upepo wa matairi yanayosukuma gari. Upepo ukipungua, tairi linalaza eneo kubwa zaidi chini na kuta zake zinajikunja kidogo wakati wa kuondoka, hivyo mshiko unaongezeka. Anza na 32 psi, shuka psi 2 kila baada ya mbio moja, andika muda wa mita 18.

Usishuke chini ya 24 psi kwa tairi la kawaida. Chini ya hapo gari linaanza kuyumba kwenye mwendo mkubwa, na tairi linaweza kuvuka ukingo wa rimu. Ukihisi nyuma inaogelea ukikaribia mstari wa mwisho, rudisha psi 4 hata kama muda ulikuwa unashuka.

Gari linalovuta mbele linahitaji pia upande wa pili wa hesabu: pandisha upepo wa nyuma hadi 40 psi hivi, bila kuvuka kiwango cha juu kilichoandikwa ubavuni mwa tairi. Matairi ya nyuma hapo yanafuata tu, na yakiwa magumu yanaviringika kwa urahisi.

Usiyazungushe kwenye maji. Sehemu yenye maji kabla ya mstari iliwekwa kwa ajili ya matairi laini yasiyo na mifereji. Tairi la barabarani linabeba maji kwenye mifereji yake hadi mstari wa kuanzia, na unaondoka juu ya matone yako mwenyewe. Zunguka maji pembeni, kisha zungusha tairi sekunde moja au mbili kwenye sehemu kavu ili kuondoa mchanga. Moshi mwingi unapendeza kwa watazamaji tu, maana tairi la kawaida likipata joto kupita kiasi linakuwa na utelezi.

### Kama uko tayari kununua matairi ya dragi

Hiki ndicho kifaa kinachorudisha fedha kuliko vyote, na ningekinunua kabla ya ekzosi, filta na programu kwa pamoja. Chagua aina inayoruhusiwa barabarani, kwa upana unaoingia bila kugusa bodi. Rimu ndogo yenye tairi la ubavu mrefu inashika vizuri kuliko rimu kubwa yenye tairi la ubavu mfupi kama mkanda, kwa sababu ubavu ndio unaomeza mshtuko wa kuondoka.

Anza na 18 hadi 20 psi yakiwa na joto, ufuate maelekezo ya mtengenezaji. Haya unaweza kuyapitisha kwenye maji kidogo na kuyazungusha hadi yaanze kutoa moshi mwepesi.

Onyo: mvua ikikukuta njiani na matairi haya, punguza mwendo sana. Mifereji yake ni ya kina kidogo na maji hayana pa kukimbilia.

Umefaulu kama: muda wa mita 18 umeshuka, na alama ya tairi uliyoacha chini ina weusi sawa kutoka ukingo hadi ukingo. Katikati ikiwa nyeusi zaidi, upepo bado ni mwingi. Kingo zikiwa nyeusi na katikati hafifu, umeshuka mno.

## Hatua ya 4: Kuondoka

Ingia kwenye mstari polepole. Kuna miali miwili ya taa: wa kwanza unawasha taa za juu kukujulisha kuwa umekaribia, wa pili unawasha taa za kuwa tayari. Simama pale pale taa ya pili inapowaka, usisogee hata kidogo zaidi. Ukisimama hapo, gari linapata sentimita kadhaa za kuanza kusogea kabla tairi halijaachia mwali na saa kuanza. Umbali mdogo, lakini unaonekana kwenye karatasi na haugharimu chochote.

Zima kiyoyozi. Jaribu mbio moja mfumo wa kuzuia tairi kuteleza ukiwa umewashwa na moja ukiwa umezimwa, uandike. Kwenye magari mengi mfumo huo unakata nguvu kwa ukali na kuchelewesha gari. Kwenye machache ya kisasa unafanya kazi nzuri kuliko mguu wa mtu.

Gia za mkono. Chagua mizunguko ya kuondokea, sema 3,000. Achia klachi kwa haraka lakini kwa kuisindikiza hadi ishike, huku ukiongeza mafuta. Kisha sikiliza:

- Injini inalia juu, gari halisogei: matairi yanazunguka bure. Punguza mizunguko 500.
- Injini inazama na gari linasita: mizunguko ilikuwa michache. Ongeza 500.
- Tairi linalalamika kidogo na gari linasukuma mgongo kwenye kiti: umefika.

Usiitupe klachi kwa ghafla ukiwa na matairi yanayoshika sana. Kitu lazima kiachie, na tairi lisipoachia itaachia ekseli, difu au gia ya kwanza.

Otomatiki. Mguu wa kushoto kwenye breki, wa kulia kwenye mafuta. Pandisha mizunguko hadi gari lianze kusukuma breki, rudi nyuma kidogo, achia breki na ukanyage mafuta yote. Usishikilie zaidi ya sekunde mbili tatu. Nguvu yote hiyo inageuka joto ndani ya mafuta ya gia, na mafuta yaliyoungua ndiyo yanayoua otomatiki.

Kubadili gia. Badilisha baada ya kilele cha nguvu kidogo, kwa sababu mizunguko itaanguka ukiingia gia inayofuata na unataka iangukie mahali injini bado ina nguvu. Kilele kikiwa 6,000, jaribu 6,300 au 6,500 kama alama nyekundu inaruhusu. Kila gia inayokosewa inakula muda kuliko kifaa chochote kinavyoweza kukurudishia.

Umefaulu kama: mbio tatu mfululizo zina muda wa mita 18 usiotofautiana zaidi ya sekunde 0.05. Kabla ya hapo usiguse kitu kingine, kwa sababu hutaweza kutofautisha faida ya kifaa na bahati ya mguu.

## Hatua ya 5: Uzito

Kanuni ya haraka: kilo 45 ni sehemu moja ya kumi ya sekunde. Magari mepesi yanafaidika zaidi. Kwenye mfano wetu wa kilo 1,400, ukitoa kilo 70 hesabu inakupa karibu robo sekunde, bure.

Toa tairi la akiba, jeki, kiti cha nyuma, kapeti, vifaa vya kwenye buti, spika kubwa kama zipo. Petroli ina uzito wa kama kilo 0.74 kwa lita, kwa hiyo tanki la lita 50 likijaa ni kilo 37. Kimbia na robo tanki. Usishuke zaidi: gari likiondoka kwa nguvu mafuta yanakimbilia nyuma ya tanki, pampu inavuta hewa, na injini inaungua kwa mafuta machache wakati imebeba mzigo wote.

Gari la kusukuma nyuma, punguza mbele kwanza. Gari la kuvuta mbele, toa nyuma na usiguse mbele, kwa sababu uzito wa injini ndio unaoyakandamiza matairi yako. Watu wa magari ya kuvuta mbele huhamishia betri kwenye buti kwa kuiga wenzao, na wanaondoa mshiko kwa mikono yao. Anayeihamisha kwa sababu sahihi atumie waya mnene wenye fyuzi karibu na betri, na aweke swichi ya kukata umeme nyuma nje ya gari, wakaguzi wataiulizia.

Visitolewe: mikanda, mifuko ya hewa, vyuma vya ndani ya milango, na kinga za joto za ekzosi.

## Hatua ya 6: Chini ya gari

Hapa nitaenda haraka isipokuwa kwenye difu.

Mauntingi za injini na bushi zilizochoka zinaruhusu kila kitu kucheza wakati wa kuondoka, na gari la kuvuta mbele linaruka ruka badala ya kwenda. Bushi mpya za kawaida zinatosha kwa wengi.

Gari la kusukuma nyuma linataka pua inyanyuke ili uzito uende nyuma: shokapu laini mbele, ngumu kidogo nyuma. Kufungua stabilaiza ya mbele, chuma kinachozuia gari kulala upande, kunasaidia. Gari la kuvuta mbele ni kinyume: fanya nyuma pawe pagumu ili lisikae kitako.

Difu. Zungusha matairi sehemu kavu kisha shuka uangalie. Alama moja nyeusi maana yake difu ya wazi inapeleka nguvu kwenye tairi lenye mshiko mdogo, na nusu ya matairi uliyolipia imekaa tu. Difu ya kugawa nguvu inaponya hilo, na kwa gari lenye zaidi ya nguvu farasi 200 kwenye ekseli moja sioni namna ya kuikwepa. Kuna mafundi wanaochomelea difu ya wazi ili matairi yote yazunguke pamoja. Inafanya kazi kwenye mstari mnyoofu. Kwenye kona ya barabarani inakwaruza matairi, inabebesha ekseli mzigo, na kwenye lami yenye maji inaweza kuligeuza gari. Gari la kila siku halifai kufanyiwa hivyo.

Uwiano wa gia ya mwisho. Tazama mizunguko unapovuka mstari. Ukivuka ukiwa gia ya tatu kwenye 4,800 wakati kilele cha nguvu ni 6,200, difu yako ni ndefu mno, yaani gia zake zinaiacha injini izunguke polepole mno. Difu fupi itasaidia kila mahali. Lakini ukilazimika kubadili gia nyingine mita 20 kabla ya mstari, umepitiliza. Kumbuka kwamba tairi lenye kipenyo kidogo kwa asilimia 5 linafupisha gia kwa asilimia 5 vile vile, kwa hiyo pima tena baada ya kubadili matairi.

## Hatua ya 7: Nguvu, hatimaye

### Joto kabla ya vifaa

Kila nyuzi 3 za Selsiasi zinapoongezeka kwenye hewa inayoingia, hewa hiyo inapungua uzito kwa karibu asilimia 1. Filta ya wazi iliyofungwa juu ya injini inavuta hewa yenye nyuzi 30 zaidi ya ile ya nje, na hapo umepoteza karibu asilimia 10 ya hewa. Hili ndilo jibu la wale wote wanaouliza kwa nini filta mpya imeongeza sauti na kuongeza muda. Mdomo wa filta uwe nje ya joto, nyuma ya bampa au taa, na uzibwe na ukuta.

Kati ya mbio na mbio, fungua boneti, acha feni ya rejeta izunguke. Mwenye turbo ahakikishe intakula, kipozea hewa ya turbo, imepoa kabla ya kurudi kwenye foleni.

### Programu na mafuta

Injini isiyo na turbo inapata kidogo kwa programu pekee. Yenye turbo inapata nyingi. Kwa vyovyote, fundi apime mchanganyiko kwa geji ya kweli gari likiwa na mzigo. Petroli huungua kikamilifu kwa sehemu 14.7 za hewa kwa sehemu 1 ya mafuta, ila pedali ikikanyagwa hadi chini unataka petroli nyingi zaidi, yaani sehemu chache za hewa: 12.5 hadi 13 kwa injini ya kawaida, 11 hadi 12 kwa ya turbo. Namba ikipanda juu ya hapo kwenye mzigo, achia mafuta mara moja.

Injini ikigonga, mlio kama kokoto ndani ya bati, simama hapo hapo. Taimingi, yaani wakati wa cheche kuwaka, imesogezwa mbele mno au petroli ni ya oktani ndogo. Pistoni inaweza kutoboka ndani ya mbio moja.

Ukiongeza msukumo wa turbo, hakikisha pampu ya mafuta na nozeli zinatosha, weka plagi za baridi zaidi kwa daraja moja, zinazotoa joto haraka, na punguza mwanya wake, mara nyingi hadi 0.6 au 0.7 mm, vinginevyo cheche inapulizwa izimike.

### Gesi ya naitrasi

Inaleta oksijeni zaidi: asilimia 36 ya uzito wake ni oksijeni, wakati hewa ina 23. Kwa hiyo lazima mafuta yaongezwe pamoja nayo. Anza na nguvu farasi 50, si zaidi. Weka swichi inayoruhusu gesi pale tu mafuta yamekanyagwa yote na mizunguko imepita 3,000, irudishwe taimingi kama nyuzi 2 kwa kila nguvu farasi 50, na chupa ifanye kazi kwenye 900 hadi 1,000 psi. Chupa isipashwe kwa moto wa aina yoyote.

### Muda ukishuka, kanuni zinabadilika

Kanuni za NHRA, chama cha mbio za dragi cha Marekani, zinazoigwa na viwanja vingi, zinadai helmeti gari likifika sekunde 13.99 au chini yake. Gari la kawaida likifika 11.49 linatakiwa kuwa na nondo ya kumkinga dereva gari likipinduka, ingawa magari mapya yasiyobadilishwa yamelegezewa. Gari la kusukuma nyuma lina mahitaji yake ya mkanda wa chuma unaoidaka propela ikikatika. Soma kanuni za kiwanja chako kabla ya kulipia turbo. Si mara moja mtu amefika na gari jipya lenye kasi akaambiwa ageuze.

Umefaulu kama: mwendo wa mwisho umepanda na muda wa mita 18 haujaongezeka. Mwendo ukipanda huku mita 18 zikiharibika, rudi hatua ya 3 ukiwa na upepo mwingine.

## Siku yenyewe

Badili kitu kimoja kwa wakati mmoja. Andika kila mbio: upepo wa matairi yote, mizunguko ya kuondokea, joto la hewa, mafuta yaliyomo, na mistari yote ya karatasi. Jua kali la mchana litakuongezea muda ukilinganisha na asubuhi, hivyo linganisha mbio zilizokimbiwa saa zinazokaribiana.

Ukivuka mstari, achia mafuta taratibu, kanyaga breki kwa mstari mnyoofu, na usikate mbele ya mwenzako kutafuta njia ya kutokea.

Kabla ya kuondoka kiwanjani: rudisha upepo kwenye kiwango cha mtengenezaji, funga stabilaiza kama uliifungua, kaza nati za rimu zote kwa spana ya toki, washa mfumo wa kuzuia kuteleza, funga valvu ya chupa ya gesi kama unayo, rudisha tairi la akiba. Angalia oili na maji ukiwa hapo hapo, injini ikiwa imepoa.